Grini Moja, Brauni Nane

Jumapili, 3 Februari 2002

Imefunga! Nimetoka kanisani moja kwa moja hadi uwanjani, na viatu vyangu vya Jumapili, nikakuta nyasi ya shimo la tisa imefunga kutoka ukingo hadi ukingo. Hakuna upara hata mahali pamoja. Nimepiga magoti nikaipapasa. Aliyeniona alidhani bado niko kwenye ibada, na labda nilikuwa.

Tangu klabu yetu ianzishwe, hapa Machakos tumecheza gofu juu ya brauni. Mchanga uliokandwa na oili chafu ya magari, ukasawazishwa ukawa duara jeusi kuzunguka shimo. Ukimaliza kupiga, unaburuta gunia kufuta nyayo zako ili anayekuja nyuma akute pamelainika. Brauni haziombi maji, nazisifu kwa hilo. Lakini suruali zangu zote zinanuka gereji, na mke wangu Kalekye anasema aliolewa na msimamizi wa uwanja akajikuta analala na makanika.

Sasa nina grini moja, duara la nyasi badala ya mchanga. Brauni nane, grini moja! Maji yake yanaletwa na punda wa Kalekye kutoka kisimani kila jioni. Punda hawanung'uniki. Kalekye ananung'unika njia nzima, lakini analeta. Ningemshukuru uso kwa uso, ila ataniuliza nimefanya kosa gani. Kwa hiyo namshukuru hapa.

Jumanne, 12 Februari

Kamati imekutana. Kapteni Matthew, ambaye ndiye mkubwa wa klabu, ameniita ndani na kunikalisha kwenye kiti cha ngozi. Kiti hicho hakijawahi kukaliwa na suruali kama yangu.

Habari ni hizi. Chama cha Wasimamizi wa Viwanja vya Gofu, Ukambani na Majirani, kitafanya mkutano wake hapa tarehe tisa Machi. Kwetu! Kamati nayo itatembea na wageni siku hiyo. Wakikuta grini imekomaa na mpira unabingirika, brauni zote nane zitang'olewa na mimi nitapanda nyasi uwanja mzima. Wakikuta imeshindikana, inamwagiwa oili kama zamani. Na kwa kufagia mchanga, Kapteni alisema akiangalia dirishani, klabu haihitaji msimamizi. Inahitaji mfagiaji tu.

Si mtu mbaya. Amenipa kweli yote, hakunificha.

Nimetoka nje nikicheka mwenyewe. Siku ile nilipoomba kujiunga na chama, walinicheka hadi chai ikamwagika. Msimamizi wa nyasi asiye na nyasi! Mmoja aliuliza kama kiingilio changu kitalipwa na kituo cha petroli. Ni Muigai aliyesimama. Muigai wa Kangundo, anayetunza ule uwanja mdogo ndani ya shamba la kahawa. Aliwaambia kwamba mtu anayeweza kufanya mchanga ulale kama shuka iliyopigwa pasi, siku akipata nyasi mtaomba awafundishe. Wakanipokea. Kila ninachojua kuhusu nyasi kimetoka kwa Muigai: kukata, kunywesha, kuacha ipumue. Hata mbegu ya mwanzo ya hii grini, vile vipande vya kupanda, alinibebea yeye kwenye gunia bichi. Leo ni mwenyekiti wa chama, na bado ananipigia simu kuniuliza kama nimekula.

Jumamosi, 16 Februari

Siku njema kabisa. Muigai amekuja!

Pampu yangu ya mgongo inavuja, inaninyunyizia mimi kuliko nyasi. Muigai alipata habari, akaazima pampu ya stoo ya shamba lao na kuja nayo na mbolea ya maji. Zawadi, alisema. Wageni wakija wakute kijani ya kuwasha macho.

Nilitaka kunyunyiza mwenyewe, akakataa.

"Batho, wewe kaa chini. Leo niko na mkono mzuri."

Akavaa pampu, akaenda na kurudi, mistari iliyonyooka kama ya jembe la ng'ombe, huku akiimba nyimbo za kanisa lao. Pampu ya kwanza ilimaliza nusu ya upande wa jengo la klabu. Akaijaza tena, akamaliza nusu ya chini. Mimi kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye kivuli na kufukuza mbuzi wa jirani kwa mdomo.

Kalekye ametupikia muthokoi, mahindi yake ya kukoboa na maharagwe. Muigai amekula sahani ya pili na kumsifu mpishi hadi mpishi akamletea ya tatu ambayo hakuomba. Nimemsindikiza hadi barabarani. Kuna watu wengi duniani wana ndugu wa tumbo moja na hawana mtu kama huyu.

Jumapili, 17 Februari

Grini inang'aa. Nimeimba kwa sauti kanisani hadi mzee wa mbele akageuka. Jua kali.

Jumatatu, 25 Februari

Kuna kitu.

Nusu ya upande wa jengo imepauka. Ni kiu, nimejiambia. Nimemwomba Kalekye aongeze safari ya punda. Amenitazama usoni na hakunung'unika. Hilo limenitisha kuliko nyasi.

Jumanne, 26 Februari

Si kiu.

Asubuhi, umande ukiwa bado chini, nimepanda kwenye roshani ya klabu nikaitazama kutoka juu. Njano imekaa kwa mistari. Mistari! Mstari wa njano, kijia chembamba cha kijani, mstari wa njano. Ugonjwa wa nyasi unakula kwa duara, kiu inakula pembeni kwanza. Hakuna kinachotembea kwa mistari ila mtu mwenye pampu mgongoni.

Na nusu ya pili, ile ya pampu ya pili, ni kijani tupu.

Nimekaa pale pale kwenye ngazi. Ni dawa ya kuua magugu. Kule shambani wananyunyizia katikati ya mistari ya kahawa. Mtu aliirudisha ile pampu stoo bila kuiosha, Muigai akaichukua, akatia mbolea yangu juu ya sumu iliyobaki. Na huyu Muigai ndiye anayetufundisha kila mwaka, mbele ya chama kizima, kuosha pampu mara tatu kabla ya kuigusa nyasi! Mara tatu, na mara ya mwisho kwa sabuni. Tunamtania kwamba siku akifa tutamwosha mara tatu.

Nimepiga teke ndoo. Nimewatukana mbuzi ambao leo hata hawakuwepo. Halafu nimeona haya, kwa sababu nimemkumbuka akitembea pale na kuimba.

Alhamisi, 28 Februari

Nimeenda Kangundo kumwambia. Nilikuwa nimepanga maneno yote njiani.

Muigai amenipokea kwa mikono miwili. Amenionyesha ndizi zake, binti yake Ciku ameleta kahawa, halafu akauliza, "Na mtoto wetu anaendeleaje?" Mtoto wetu ni grini.

Nimesema anasumbuliwa kidogo na jua.

Jua! Mimi, mtu mzima. Akaanza kunishauri jinsi ya kumnywesha alfajiri, kwa upole wake ule ule. Kisha akanieleza, bila mimi kuuliza, kwamba meneja mpya wa shamba anatafuta sababu ya kufunga kile kiwanja na kupanda kahawa hadi mlangoni kwake. "Kosa moja tu," alisema, "na mimi nitarudi kuchunga mbuzi za baba."

Basi maneno yangu yote nimeyameza na kahawa. Nimerudi na mkungu wa ndizi.

Kalekye: "Baba Nzisa, umepanda milima yote hiyo kwenda kuchukua ndizi?"

Nimeupeleka mkungu jikoni.

Ijumaa, 1 Machi

Nimempigia simu Zaituni, katibu wa chama. Zaituni ni wa hapa hapa mjini, ukoo wao umefanya biashara Machakos tangu zamani, ila yeye aliacha duka la baba yake akaenda kusomea nyasi. Sasa anasimamia uwanja huko tambarare za Athi, na hakuna anayemchezea.

Nimemwambia wapeleke mkutano kwingine. Grini ni mgonjwa.

"Mgonjwa kiasi gani?"

Nusu.

"Nusu imekufa ama nusu iko hai?"

Nimesema ni kitu kile kile. Amesema si kitu kile kile hata kidogo, na kwamba chama hakiendi kutembelea watu wazima wa afya tu. Mkutano uko pale pale. Akakata simu. Nimebaki nimeshika mkonga wa simu ya klabu kama mtu aliyepigwa kofi la mapenzi.

Jumanne, 5 Machi

Mistari sasa ni rangi ya chai. Nimeng'oa nyasi kidogo, mizizi imekatika kama uzi uliooza. Nimeondoa bendera ya shimo nisiione kutoka nyumbani.

Kapteni Matthew amepita, akasimama, akaweka mikono mfukoni.

"Bartholomew, hii ni nini?"

"Itakuwa sawa, Kapteni."

"Sikuuliza itakuwa nini."

Akangoja. Kisha akaenda zake. Nilitamani kumwambia, jamani. Neno lilikuwa hapa kwenye ulimi. Lakini Kapteni huwa anacheza gofu na wenye mashamba ya Kangundo. Neno likitoka kwangu asubuhi, jioni liko mezani kwa yule meneja.

Alhamisi, 7 Machi

Zaituni amekuja kuona kwa macho yake. Amezunguka grini polepole, buti na buibui. Alipofika upande wa jengo akasimama, akatazama mistari, akanyoosha mkono mbele kama anapima upana wake.

"Pampu," alisema.

Nikainama kufunga kamba ya kiatu.

"Ya nani?"

Nikatazama mlima Iveti kama sijawahi kuuona.

"Basi sijauliza," akasema. Na hakuuliza tena. Namshukuru sana kwa hilo. Ameniambia niichimbe nusu iliyokufa yote, niitoe kama mtu anavyotoa zulia, niweke udongo mpya na mchanga uliooshwa, nisawazishe, ningoje. Ningoje nini? Hakusema. Aliomba chai, akanywa amesimama, akawasha gari.

Ijumaa, 8 Machi

Nimechimba kutwa na wazee wawili wa kufagia brauni. Nusu ya grini sasa ni udongo mtupu. Mgongo umekataa kunyooka. Kalekye ananikanda na mafuta ya nazi na kunisomea mashtaka.

Nimemwambia nilichoamua. Kesho Kapteni akiuliza tena, nitasema ni mimi. Pampu yangu, mkono wangu, uzembe wangu. Hakuna mtu anayenidai kuliko Muigai, na hii ni nafasi yangu ya kumrudishia wema.

Mikono yake ikasimama mgongoni kwangu.

"Utafukuzwa."

"Labda."

"Na Muigai atakaa kwake akijua umefukuzwa kwa sababu yake, akule ndizi zake vizuri?"

"Hajui kwamba ni yeye."

"Aiya, Baba Nzisa. Mtu wa nyasi ataona ile mistari asijue?" Akanikanda kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika. "Wewe unasema asante na uongo. Mimi sijawahi kuona asante ya namna hiyo."

Tumelala bila kumaliza maneno. Yaani yeye amelala. Mimi naandika.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika nikiwa nimesimama stoo, daftari juu ya gunia la mbolea. Nimekuja kuchukua vikombe. Watangoja kidogo.

Asubuhi hii sitaisahau. Jua halijatoka vizuri, nimesikia magari. Nikadhani ni kamati imewahi. Kumbe ni chama! Zaituni mbele, nyuma yake pikapu ya watu wa Thika, nyuma yake wa Embu, halafu hata yule wa mzaha wa kituo cha petroli, aliyenicheka. Kila mmoja ameshuka na gunia bichi. Ndani ya kila gunia kuna nyasi iliyokatwa kutoka grini yake mwenyewe, vipande vya mraba na udongo wake, vimekunjwa kwa upole kama maandazi kwenye kitambaa. Grini zao! Mtu wa nyasi kukata grini yake ni kama kukata ngozi ya mtoto wake. Zaituni aliwapigia simu wote, mmoja mmoja.

Nimelia. Mbele ya watu. Yule wa kituo cha petroli akanipiga bega akasema niache kumwagilia, chumvi itaua nyasi.

Muigai alifika wa mwisho, na gunia kubwa kuliko yote. Alikuja akicheka. Halafu akaona. Nusu imechimbwa, lakini kwenye mpaka tulikuwa tumeacha ncha za mistari, njano, kijia, njano. Kicheko kikaisha. Akasimama kwenye ncha ya kwanza, akapiga hatua, akasimama kwenye ya pili, akapiga hatua. Hatua yake imeingia pale sawasawa. Hakunitazama. Akapiga magoti na kuanza kupanga nyasi, na tangu wakati huo hajainua kichwa wala kuimba.

Tumepanga sote kwa magoti, bega kwa bega. Kisha tumebingirisha pipa la maji juu yake, mara hivi, mara hivi. Sasa grini yangu ina kijani za kila namna, ya Thika imeiva, ya Embu ni changa, ya Athi ina bluu kidogo. Blanketi la viraka. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo.

Kamati ikaja. Sasa, chama chetu kina desturi moja. Wageni wakitembea uwanja wako, wewe mwenyeji hufungui mdomo. Wanasifu, wanaponda, wanauliza, wewe kimya, hadi chai ya kwanza imiminwe. Ndipo unajitetea. Iliwekwa kwa sababu zamani wenyeji walikuwa wakijieleza hadi jua linazama. Kapteni Matthew amekubali kuifuata leo kwa heshima ya wageni.

Kapteni aliomba mpira. Akausukuma kwa fimbo kutoka ukingo. Ukabingirika juu ya Thika, ukaruka kidogo kwenye mshono, ukapita Embu, ukapinda, ukaingia shimoni! Watu wakapiga makofi. Yeye hakupiga.

"Hawa marafiki wako wamefanya kazi nzuri," alisema. "Lakini aliyeua ile ya kwanza ni nani? Kama ni wewe, Bartholomew, nitakupa zingine nane kwa sababu gani?"

Desturi ilinifunga mdomo, na leo nilishukuru. Watu wote wakageukia birika la chai.

Ndipo nikasema kwa ishara naleta vikombe.

Dirisha la stoo linatazama grini. Kalekye yuko mezani, birika mkononi. Nikirudi na hivi vikombe, akimimina, mdomo wangu unafunguka, na nitasema ni mimi. Nimeshapiga moyo konde. Maneno ni mafupi.

Muigai amesimama. Ana matope magotini. Amevua kofia. Amemwendea Kalekye, namsikia kutoka hapa.

"Mama Nzisa, tafadhali. Usimimine kwanza."

Kalekye ananitafuta kwa macho. Ameniona dirishani, na daftari. Namwonyesha kwa mkono: mimina! Mimina haraka! Hata bila vikombe, mimina kwenye sahani, mimina chini!

Ananitazama kwa muda mrefu. Najua lile jicho.

Ameweka birika mezani. Amelifunika kwa kitambaa ili lisipoe, na amekunja mikono.

Muigai anawageukia wote sasa, kofia kifuani, na Kapteni amesogea karibu ili asikie vizuri. Chai haijamiminwa, siwezi kumkatiza.